Takwimu za afya zinapokwama mtandaoni, si lazima seva iwe ndogo

KILA mwanzo wa mwezi, vituo vya afya nchini hukamilisha hesabu za mwezi uliopita: wagonjwa wangapi wametibiwa, wajawazito wangapi wamehudhuria kliniki na watoto wangapi wamechanjwa. Takwimu hizo, kuanzia za zahanati za vijijini hadi za hospitali kama ile ya Kilema, wilayani Moshi, huingizwa katika mfumo wa kompyuta uitwao DHIS2.

Mfumo huo huratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norway, na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wamekuwa miongoni mwa wanaouendeleza. Kenya iliueneza nchi nzima mwaka 2011, na Tanzania ikafuata mwaka 2013. Kwa kuwa hutumika kwa intaneti, watumishi wengi huufungua kwa wakati mmoja, hasa siku za kuwasilisha taarifa. Swali ni jinsi wote hao wanavyoifikia hifadhidata moja.

Mtumiaji haigusi hifadhidata moja kwa moja. Ombi lake hupokewa na programu iliyojengwa juu ya kiunzi kiitwacho Spring, nayo huwasiliana na hifadhidata ya PostgreSQL kupitia muunganisho. Kufungua muunganisho kuna gharama, kwani PostgreSQL huhakiki utambulisho, huanzisha mchakato mpya na kuutengea kumbukumbu. Kwa kawaida kikomo chake ni miunganisho 100, na 3 kati ya hiyo huachwa kwa ajili ya msimamizi.

Ili kuepuka gharama hiyo, programu huweka akiba ya miunganisho iliyokwisha kufunguliwa. Kila ombi huazima mmoja, huutumia, kisha huurudisha. Katika DHIS2, kiwango cha kawaida cha akiba hiyo ni 80. Yote ikiwa imeazimwa, ombi la 81 halina budi kusubiri.

Utaratibu huo haupishani sana na ule wa mifongo, mifereji ya asili inayomwagilia migomba na kahawa katika miteremko ya Kilimanjaro. Maji hugawanywa kwa zamu. Aliyemaliza zamu yake asipoyaachia, walio chini hukosa maji hata kama mto umejaa.

Hesabu huonyesha uzito wa jambo hilo. Ombi likishika muunganisho kwa sehemu moja ya ishirini ya sekunde, miunganisho 80 huweza kuhudumia maombi 1,600 kwa sekunde. Kila ombi likiushika kwa sekunde 5, miunganisho hiyo hiyo huhudumia maombi 16 tu.

Wengi hukimbilia kuongeza seva ya programu. Lakini seva mbili zenye akiba ya 80 kila moja zinaweza kudai miunganisho 160 kutoka kwa hifadhidata inayoruhusu 100, na mfumo ukaanza kukataa watumiaji uliokuwa ukiwahudumia jana.

Kasoro nyingine ni muunganisho usiorudishwa pale hitilafu inapotokea katikati ya kazi. Mfumo hufanya kazi vizuri asubuhi, hukwama alasiri, na ukizimwa na kuwashwa hupona kwa muda. Dalili hiyo huelekeza kwenye msimbo wa programu kabla ya mashine.

Tiba ni nidhamu. Muunganisho uazimwe pale tu unapohitajika, urudishwe hata kazi ikishindikana, na usishikiliwe wakati programu inatuma barua pepe au inasubiri jibu la seva nyingine. Kazi nzito nazo zipangiwe saa zake. Katika DHIS2, majedwali ya uchambuzi huandaliwa aghalabu usiku, watumiaji wakiwa wachache.

Takwimu hizo ndizo zinazosaidia kupanga mahitaji ya dawa na chanjo. Zikichelewa kuingia, anayepanga hulazimika kutumia hesabu za zamani, na pengo hilo huishia kwa mgonjwa.