Punje Milioni 65 kwa Siku

Karibu na Glasgow, nchini Uskoti, upo mtambo wa kusafisha majitaka unaohudumia watu wapatao 650,000. Watafiti walioupima na kuchapisha matokeo yao mwaka 2016 walikuta kwamba unakamata zaidi ya asilimia 98 ya punje za plastiki zinazoingia na majitaka. Ni kazi nzuri sana. Hata hivyo, utafiti huohuo ulikadiria kwamba punje milioni 65 hupenya kila siku na kuishia katika mto Clyde.

Namba hizo mbili hazipingani. Maji yanapoingia yana punje kama 16 kwa lita, na yanapotoka yana robo punje. Ndoo ya lita 20 ungeikuta na punje tano tu. Lakini kinachotoka pale si ndoo, ni lita milioni 261 kwa siku. Mkazi wa Dar es Salaam anaweza kuupata ukubwa huo akifikiria mtambo wa Ruvu Chini, wenye uwezo wa lita milioni 270 kwa siku. Mmoja husafisha maji ya kunywa na mwingine majitaka, ila ujazo ni karibu uleule. Robo punje ukiizidisha kwa maji ya jiji inakuwa mamilioni.

Ndiyo maana nikisikia mtu anasifia chujio la plastiki kwa asilimia, nauliza kwanza: katika lita ngapi? Gharama ya kuchuja hufuata maji, haifuati plastiki. Pampu hula umeme uleule, lita iwe na punje moja au elfu kumi.

Tuanze na umeme huo. Kusukuma lita 1,000 kwenye chujio lenye ukinzani wa mita 10, sawa na kuyapandisha maji ghorofa ya tatu, kunahitaji kama uniti 0.05 ukihesabu na upotevu wa pampu. Kwa umeme wa shilingi 350 za Tanzania kwa uniti, hazifiki shilingi 20. Vipimo vya Ufini vilivyochapishwa mwaka 2017 vilionyesha kichujio cha mchanga kikiondoa asilimia 97 ya punje zilizokuwa zimebaki kwenye majitaka yaliyokwisha kusafishwa. Mchanga! Utando wenye matundu madogo sana, unaofanya kazi pamoja na vijidudu vya kula uchafu, ulifikia asilimia 99.9. Lakini mtambo wa utando unaweza kula uniti 0.4 zaidi ya mtambo wa kawaida kwa kila lita 1,000. Kwa maji ya Glasgow hizo ni uniti 104,000 kila siku. Kwa bei yetu ya umeme ni zaidi ya shilingi milioni 36 kwa siku, kabla hujajenga wala kubadilisha utando wenyewe. Zigawanye kwa punje milioni 65: kila punje inakugharimu zaidi ya nusu shilingi.

Sasa turudi nyuma, hadi kwenye mashine ya kufulia. Maabara ya Chuo Kikuu cha Plymouth ilikadiria mwaka 2016 kwamba kilo sita za nguo za poliesta zinaweza kutoa nyuzi karibu 500,000 katika mfuo mmoja. Mashine hutumia kama lita 50, kwa hiyo kila lita inatoka na nyuzi 10,000. Ukitaka kupata punje 500,000 kutoka kwenye maji yale ya Glasgow, itabidi uchuje lita milioni mbili, yaani maboza 200 ya lita 10,000. Nyumbani ungechuja madumu mawili na nusu.

Chujio la kufunga kwenye bomba la kutolea maji ya mashine, lililopimwa Kanada, lilikamata asilimia 87 ya nyuzi. Chukulia kwamba linauzwa dola 150, kama shilingi 400,000, linadumu miaka mitano, na nyumba inafua poliesta mara mbili kwa wiki. Litakuwa limekamata nyuzi zaidi ya milioni 220, kila moja kwa shilingi 0.002. Haki itendeke: mtambo wa Glasgow ungekamata nyingi kati ya nyuzi hizo bila msaada. Ukihesabu zile tu ambazo zingeuponyoka, bei inapanda hadi kama senti 11 za shilingi, na bado ni nafuu mara tano kuliko utando. Namba hizi hazikupimwa kwa wavu wenye matundu ya ukubwa mmoja, kwa hiyo zichukue kama makadirio ya ukubwa, si bei ya dukani.

Zile zilizokamatwa na mtambo nazo hazijaisha. Zinakaa kwenye tope, na tope hilo mara nyingi hupelekwa mashambani kama mbolea. Makadirio ya mwaka 2016 ni kwamba mashamba ya Ulaya hupokea kwa njia hiyo kati ya tani 63,000 na 430,000 za plastiki ndogo kwa mwaka. Kwa sababu hiyo pekee mimi niko upande wa chujio la mashine. Ufaransa ilipitisha sheria mwaka 2020 iliyotaka mashine mpya ziwe nalo kuanzia Januari 2025. Huko Parry Sound, mji mdogo wa Kanada, nyumba 97 zilifungiwa machujio, na kila nyumba ilikusanya wastani wa gramu 6.4 za nyuzi kwa wiki. Ukizishika mkononi ni donge laini la kijivu, lenye unyevu, mfano wa pamba iliyokandamizwa, uzito wake kama kijiko cha chai kimoja na nusu cha sukari. Ndani yake, kwa makadirio ya watafiti, mna nyuzi kati ya 179,200 na milioni 2.7. Donge hilo hutupwa kwenye pipa la taka. Mtu akilisuuza chini ya bomba, amezirudisha zote kwenye majitaka.

Kwetu hesabu inaanzia mahali pengine, kwa sababu nyumba nyingi za mijini hazijaunganishwa na bomba la majitaka. Asilimia 98 ya Glasgow haituhusu pale ambapo maji ya kufulia yanamwagwa uani au mtaroni. Na plastiki imeshafika ziwani: utafiti wa mwaka 2016 uliikuta ndani ya sangara na sato wa Mwanza, mmoja katika kila watano. Tuna unafuu mmoja, nao ni beseni. Watafiti wa China walionyesha mwaka 2023 kwamba poliesta iliyofuliwa kwa mkono ilitoa wastani wa vipande 1,853, na ya mashine 23,723.

Kuhusu maji ya kunywa, Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2019 kwamba vijidudu vya maradhi bado ndivyo vya kwanza kushughulikiwa, na nakubaliana nalo kabisa. Anayechemsha maji kwa ajili ya vijidudu huenda anapunguza na plastiki. Vipimo vya Guangzhou vya mwaka 2024 vilionyesha kwamba maji yenye chokaa nyingi, yakichemshwa, hunasa hadi asilimia 90 ya punje ndani ya magamba ya chokaa. Maji laini hunasa kama asilimia 25. Magamba meupe yanayoganda kwenye birika Dodoma ndiyo hayo. Ila kuchemsha lita moja hula umeme wa shilingi 30 hivi, kwa hiyo si njia ya kusafishia maji ya mji.

Ningekuwa na fedha za kuanzia, ningezipeleka kwenye vyumba vya kufulia vya hoteli na hospitali kubwa. Chumba kinachofua kilo 600 kwa siku ni sawa na mashine 100 za nyumbani zilizokusanywa pamoja. Kwa mashuka ya poliesta iliyochanganywa na pamba, ambayo kwa vipimo vya Plymouth hutoa nyuzi kama 138,000 kwa kilo sita, zinatoka nyuzi karibu milioni 14 kila siku. Zimo katika lita 5,000 hivi, nusu boza, na zote zinapita kwenye bomba moja ambalo fundi anaweza kulifungia chujio kwa siku moja, na mfanyakazi wa zamu akalifungua jioni akiwa na ndoo ya kuwekea donge la kijivu.