Mbwa Akibadilika Tabia, Mwenye Mbwa Asipuuze

Anayeishi na mbwa kila siku humfahamu kuliko mtu mwingine yeyote. Hujua namna anavyombwekea mgeni, kivuli anachokipenda mchana na jinsi anavyokimbilia chakula jioni. Kwa hiyo, siku mbwa huyo anapokataa kula, anapojificha gizani au anapomngurumia mtoto aliyezoea kucheza naye, wasiwasi unaomwingia mwenye mbwa si jambo la kupuuzwa. Mnyama hana kinywa cha kueleza maumivu yake. Mabadiliko ya tabia mara nyingi ndiyo dalili ya kwanza.

Kwa ugonjwa wa kichaa cha mbwa, kuitambua dalili hiyo mapema huweza kuokoa maisha. Wengi hutarajia mbwa mwenye kichaa awe mkali na mwenye kung'ata ovyo. Hata hivyo, wapo wanaokuwa wanyonge, taya likalegea na kumeza kukawashinda, mithili ya aliyekwamwa na mfupa. Mwenye huruma hutia mkono kinywani ili autoe mfupa huo, kumbe virusi vilivyomo katika mate huweza kupenya kwenye mchubuko mdogo wa ngozi.

Mkazi anayeingiwa na shaka amfungie mbwa mahali pasipofikiwa na watu wala wanyama wengine, asimshike, kisha atoe taarifa kwa afisa mifugo wa kata siku hiyo hiyo. Asimpe mnyama yeyote dawa za binadamu. Parasetamoli, kwa mfano, huweza kumuua paka.

Aliyeng'atwa, aliyeparuzwa au aliyelambwa kwenye kidonda aoshe mahali hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya bila kuchelewa, hata kama jeraha ni dogo. Chanjo inayotolewa mapema huzuia ugonjwa. Dalili zikishajitokeza kwa binadamu, kupona ni nadra mno.

Huenda afisa mifugo akabaini kuwa tatizo ni minyoo au homa itokanayo na kupe. Hapo pia mwenye mbwa hakusumbuka bure, kwani mnyama atatibiwa mapema na nyumba itatulia. Kinga ya kudumu ni kuwachanja mbwa na paka dhidi ya kichaa kila mwaka, na kuitunza kadi ya chanjo.