Mchana Twafunga, Jioni Twaliumiza Tumbo

Ndugu msikilizaji, juma hili nataka tuzungumze juu ya tumbo. Nalitaja bila haya, maana ni kiungo tunachokikumbuka kikiwa kitupu au kikiuma, na katikati ya hali hizo mbili tunakisahau kabisa.

Mama yangu mdogo ni mtu wa saumu. Ramadhani moja, walipolikaribia kumi la mwisho, alianza kulalamika kwamba anaungua chini ya chembe cha moyo. Akaniambia, "Mwanangu, uzee huu. Saumu imenikataa." Sote nyumbani tukakubali, maana ndivyo tulivyozoea kusema: mtu akifunga sana hupata vidonda vya tumbo. Kumbe alikuwa akipata choo cheusi kama lami, na kwa kuona haya hakumwambia mtu kwa siku nne. Siku ya tano alianguka akienda kutawadha. Hospitalini walikuta kidonda cha tumbo kinachovuja damu. Alitibiwa, akapona, alhamdulillahi. Lakini daktari alipomhoji kwa utaratibu, ilionekana kwamba saumu ilikuwa imesingiziwa.

Wenye kosa walikuwa wawili. Wa kwanza ni kijidudu kiitwacho Helikobakta pailori, ambacho huingia tumboni mara nyingi tangu utotoni na kuishi humo miaka mingi. Wa pili ni vidonge vya maumivu ya magoti, alivyokuwa akivimeza kila siku bila kumwuliza daktari. Dawa za jamii ya aspirini, ibuprofeni na diklofenaki hupunguza maumivu, lakini pia hudhoofisha ute unaokinga ukuta wa tumbo usiliwe na asidi yake wenyewe.

Habari ya kijidudu hicho inafaa ijulikane. Kwa miaka mingi waganga wa dunia nzima waliamini kuwa vidonda vya tumbo vinaletwa na mawazo na pilipili. Madaktari wawili wa Australia, Robin Warren na Barry Marshall, wakasema la, kuna bakteria. Wengi hawakuwaamini. Mwaka 1984 Marshall akanywa mwenyewe kikombe chenye bakteria hao, na baada ya siku chache tumbo lake likavimba ndani, akawa anatapika. Mwaka 2005 wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel. Siku hizi vidonda vya aina hiyo hutibiwa kwa antibiotiki pamoja na dawa ya kupunguza asidi. Saumu yaweza kumzidishia maumivu mtu ambaye tayari ana kidonda, lakini siyo iliyokipanda.

Baada ya kuiondolea saumu lawama hiyo, sasa tuulize: je, ina faida yoyote kwa tumbo?

Huku kwetu, kutoka alfajiri hadi magharibi mtu hufunga kama saa 13 au 14 hivi. Katika muda huo utumbo haukai bure. Chakula kikisha kupita, utumbo mwembamba huanza kazi ya usafi. Kila baada ya saa moja na nusu au mbili, wimbi la misuli hutoka tumboni na kushuka taratibu, likisukuma mabaki ya chakula, ute na bakteria kuelekea utumbo mpana. Ule mngurumo unaousikia mchana wa Ramadhani, ukadhani tumbo linalia njaa, mara nyingi ndiyo sauti ya ufagio huo. Mtu anayetafuna kitu kila saa, leo karanga, kesho biskuti, haupi ufagio nafasi ya kupita, maana ukila tu, unasimama.

Jambo la pili ni huu uvimbe wa ndani ambao madaktari wanautaja sana siku hizi. Ukijikata kidole, pale pataumuka, patakuwa pekundu, na patapata joto. Hiyo ni kinga ya mwili ikipigana, na ni jambo jema, ilimradi vita viishe. Tatizo ni pale moto huo unapobaki ukifuka chini kwa chini miaka na miaka, mtu asihisi kitu. Uvimbe wa namna hiyo unahusishwa na kisukari, maradhi ya moyo na baadhi ya saratani. Mapema mwaka 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, walitoa matokeo ya watu 21 waliokaa saa 24 bila chakula. Waliona kuwa wakati wa kufunga asidi moja ya mafuta ilipanda katika damu, na walipoijaribu katika maabara ikapunguza nguvu ya mtambo mmoja unaowasha uvimbe ndani ya seli. Watu walipokula, ikashuka tena. Watafiti wengine waliowapima Waislamu katika mwezi wa Ramadhani wameona dalili za uvimbe katika damu zikipungua, ingawa si kwa kila kundi, wala si kwa kiasi kikubwa.

Kwa hiyo mchana wetu ni mwema. Balaa, ndugu msikilizaji, linaanza adhana ya magharibi ikilia.

Mwisho wa matumbo yetu, katika utumbo mpana, wanaishi bakteria kwa matrilioni. Wengi si maadui, ni wapangaji wanaolipa kodi. Chakula chao ni yale makapi ambayo sisi hatuwezi kuyameng'enya: nyuzinyuzi za kunde, maharagwe, mboga za majani, matunda na nafaka isiyokobolewa. Wakiyachachua makapi hayo hutoa asidi fulani, na mojawapo, iitwayo butireti, ndiyo chakula kikuu cha seli za ukuta wa utumbo mpana. Ukuta ukishiba huwa imara, na kinga ya mwili hutulia. Wapangaji hao wakikosa makapi, baadhi yao hugeukia kula ute unaoukinga ukuta wenyewe. Jambo hilo lilionekana wazi katika majaribio ya panya yaliyotangazwa mwaka 2016: ute ulikuwa mwembamba, na vijidudu vya maradhi vikapata njia. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Nadhani hata matumbo yalikuwemo katika hesabu hiyo.

Sasa tazama sahani zetu za kufuturia. Sambusa, katlesi, kachori, kalimati zilizozama katika shira, chipsi, mkate mweupe, na chupa ya soda baridi. Nami nimo, msikilizaji, sijitoi. Unga uliokobolewa, mafuta yaliyokaangiwa mara tatu na sukari: hapo wapangaji wetu wamefunga mchana na usiku pia hawakupata kitu. Mafuta mengi hulichelewesha tumbo kujimwaga, na mtu akisha kula hivyo akajinyoosha mkekani, asidi hupanda kooni. Ndipo tunaposema saumu inatupa kiungulia, ilhali kiungulia hicho tumekipika wenyewe jikoni saa kumi jioni.

Ushahidi wa jambo hili hatuhitaji kuufuata mbali. Umetoka Kilimanjaro. Mwezi wa Aprili mwaka 2025, watafiti wa Moshi na wenzao wa Uholanzi walitangaza matokeo ya jaribio la vijana wanaume 77 wenye afya. Wa shamba, waliozoea vyakula vya asili, walipewa kwa majuma mawili chakula cha kimagharibi kilichosindikwa. Wa mjini waliozoea hicho wakapewa chakula cha asili cha Kichaga kwa muda huohuo. Kundi jingine likanywa mbege kwa juma moja. Mbege, kama mjuavyo, ni kinywaji kilichochachushwa cha ndizi na ulezi. Waliotolewa kwenye chakula cha asili, dalili za uvimbe zilipanda katika damu yao, na seli zao za kinga zikawa dhaifu zaidi mbele ya vijidudu. Waliorudishwa kwenye chakula cha asili, na wale wa mbege, dalili hizo zilishuka. Tena baadhi ya mabadiliko yalikuwa bado yapo majuma manne baadaye. Majuma mawili tu, ndugu zangu, na Ramadhani ni majuma manne.

Simwambii Mwislamu anywe mbege, wala simhimizi yeyote kunywa pombe. Ninachokitazama ni ule uchachu, nao tunao katika togwa na katika maziwa ya mgando. Hata futari yenyewe, neno hili kwa watu wa Mrima lilimaanisha nini? Muhogo, magimbi, viazi vitamu, ndizi mbichi, kunde au mbaazi za nazi, uji wa mtama na tende. Kila kimoja katika hivyo kina makapi yake. Wazee hawakujua habari za butireti, lakini sahani yao iliwalisha wao na wapangaji wao.

Alikuwako daktari aliyeliona hili zamani. Denis Burkitt, mpasuaji kutoka Ireland, alifanya kazi Kampala hadi miaka ya 1960, na jina lake limebaki katika saratani moja ya watoto aliyoieleza mwaka 1958. Baadaye aliizungukia dunia akisema kwamba maradhi mengi ya utumbo mpana aliyoyaona Ulaya yalikuwa adimu kwa wanakijiji wa Afrika, na kwamba sababu kubwa ni makapi katika chakula chao. Wakati Wazungu wanaanza kumsikiliza, sisi tulikuwa tunaanza kukoboa.

Basi tufanye nini? Fungulia tende chache na maji, kisha uji. Swali, ndipo ukae kula, na ule kiasi. Vya kukaanga viwe vya kuonja, siyo vya kushiba. Weka jamii ya kunde na mboga za majani kila siku, lakini kama hukuzoea, ongeza kidogo kidogo, maana wapangaji waliokaa na njaa wakiletewa karamu ghafla watakujaza gesi. Daku usiiache, na iwe na nafaka nzima, siyo chai ya sukari na andazi. Usilale mara baada ya kula.

Na wako wenye udhuru. Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari asianze kufunga kabla ya kuonana na daktari, maana sukari yaweza kushuka hadi azimie. Mwenye kidonda cha tumbo kilicho hai, mwenye maradhi ya figo, na mama mjamzito nao waulize kwanza. Dini yenyewe imewapa ruhusa, sijui kwa nini sisi tuwanyime. Ukiona choo cheusi kama lami, au ukitapika damu, usingoje futari, nenda hospitali saa ileile.

Mama yangu mdogo amerudi kufunga, kwa idhini ya daktari wake. Kijidudu kilitibiwa, na vidonge vya magoti vilibadilishwa. Jioni nikienda kwake hunikuta nikizitazama sambusa, naye hunisogezea sahani ya kunde kwanza. Husema, "Kula hizi, mwanangu. Hizo zingine utazikuta." Mara nyingi nikisha kula kunde, sambusa ninayoitaka ni moja tu.

Kwa leo naishia hapo. Tukijaaliwa, tutaonana juma lijalo.