Wanaakiolojia na Wenyeji: Kutoka Katuruka hadi Kahuzi-Biega

Kaskazini ya Bukavu, huko Lwiro, palijengwa makao ya IRSAC, taasisi ya utafiti iliyoundwa na Wabelgiji mwaka 1947. Katika kipindi hicho cha ukoloni, Jean Hiernaux na Emma Maquet walichimbua mabaki ya Zama za Chuma katika Rwanda, Burundi na Kivu, na kutangaza matokeo mwaka 1957 na 1960. Miongoni mwake vimo vigae vya vyungu vyenye kibonyeo kitakoni, ambavyo leo huitwa vya Urewe. Kazi hiyo ina thamani kubwa. Hata hivyo, Hiernaux alikuwa pia mpimaji wa maumbile ya watu, na katika elimu ya siku zile mwenyeji alikuwa mtu wa kupimwa kuliko wa kuulizwa.

Njia nyingine ilidhihirika Buhaya, Tanzania. Mwaka 1970, katika kijiji cha Katuruka, wazee walimwelekeza Peter Schmidt kwenye mti wa Kaiija, wakisema ndipo Mfalme Rugomora Mahe alipofulia chuma. Jina lenyewe kwa Kihaya huhusu kiwanda cha mhunzi. Uchimbaji ulitoa mabaki ya ufuaji chuma ya zaidi ya miaka 2,000, pamoja na vigae vya Urewe, ndugu wa vile vya Kivu. Rugomora alitawala karne nyingi baadaye: mapokeo yalikosea mwenye kazi, ila mahali hayakukosea. Mwaka 1976 wazee waliopata kuyeyusha chuma ujanani walijenga tena tanuri na kulichochea, na hapo mtafiti akawa mwanafunzi.

Kwa Kivu jambo hili si la kitaaluma tu. Hifadhi ya Kahuzi-Biega iliundwa mwaka 1970, na Wabatwa wakafukuzwa msituni. Sheria ya Kongo ya Julai 2022 inatambua haki za Wambilikimo kama wenyeji wa asili. Aidha, uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, uliotangazwa mwaka 2024, uliona kuwa haki za Wabatwa hao zilivunjwa. Makambi ya mawindo huacha alama hafifu sana ardhini, na bila mtu wa kuonyesha, mchimbaji hupita juu yake. Majina ya vijito, makaburi na mahali pa matambiko yamo vinywani mwa wazee. Aliyekuwa na miaka ishirini wakati wa kuundwa kwa hifadhi sasa amepita sabini.