Kuhamia Maskati: Tupime Kabla ya Kufunga Mizigo



Kila mwaka, baina ya Mfunguo Mosi na Mfunguo Tatu, hatukosi kusikia kwamba fulani amepata njia. Njia hiyo mara nyingi ni ya Maskati, pengine Dubai. Mmoja ni kijana aliyebakisha juzuu tatu akhitimu. Mwengine ni mama wa mtoto wa darasa la pili, na tangu siku hiyo mtoto huletwa chuoni na bibi yake. Wazee hutujia kutaka dua na istikhara, nasi tunaswali na kuomba pamoja nao. Lakini istikhara haimwondolei mtu wajibu wa kuuliza. Wanavyuoni wetu huitaja pamoja na istishara, yaani kutaka ushauri kwa wenye kujua jambo, na makala haya tumeyaandika kwa niya hiyo.

Kwanza tuujue mji wenyewe. Wazee wetu wakisema Manga walikuwa wakikusudia Oman, na njia ya huko ilikuwa ya jahazi. Kaskazi ikivuma kuanzia Disemba, majahazi yalishuka Unguja na tende na papa mkavu. Kusi ikishika yalirudi na boriti za mikoko. Leo ni ndege ya kiasi cha saa tano, na masafa yake ni karibu kilomita 4,000. Maskati umebanwa baina ya bahari na milima ya Hajar, milima ya mawe matupu. Nyuma ya milima hiyo ndiko kwenye mchanga wa Sharqiya, na mbele zaidi, kuelekea Saudia, liko lile jangwa kubwa linaloitwa Robo Tupu. Kwa hivyo anayetaraji kushuka ndege akute ngamia na mchanga atashangaa kuiona bahari. Na atakayeiona bahari akadhani amefika Forodhani atashangaa zaidi ukiingia mwezi wa Juni.

Hapa kwetu joto la Februari likifika nyuzi 33 tunakaa barazani tukijipepea. Maskati wakati wa kiangazi hupita nyuzi 40, na unyevu wa bahari juu yake. Quriyat, mji wa pwani hiyo hiyo kusini ya Maskati, mwezi Juni 2018 ulipitisha siku nzima, usiku na mchana, joto lisishuke chini ya nyuzi 42.6. Maana yake hata saa ya alfajiri, mtu anapotoka kwenda msikitini, hewa ni ya tanuri. Serikali ya huko imekataza kazi za juani kuanzia saa sita na nusu mchana mpaka saa tisa na nusu, kwa miezi ya Juni, Julai na Agosti. Mwenye kwenda kufanya kazi ya ujenzi na aijue amri hii kwa moyo, kwa sababu ni haki yake.

Mvua yetu ya mwaka mmoja, zaidi ya milimita 1,500, ni zaidi ya mvua yao ya miaka kumi, maana Maskati hupata kama 100 tu kwa mwaka. Lakini mvua hiyo kidogo ikija huweza kuja yote kwa siku moja. Kimbunga cha Gonu mwaka 2007, cha Shaheen mwaka 2021, na mvua za Aprili 2024 ziliijaza maji mabonde makavu wanayoyaita wadi, na watu wakafa ndani yake. Na maji ya bomba je? Ni ya bahari, yaliyotolewa chumvi mitamboni. Tuseme kwa insafu: bomba lao halina tabia ya bomba zetu, na mwenye kubeba ndoo katika vichochoro vya Mji Mkongwe atatufahamu. (Wanaotamani minazi waende Salalah, kusini kabisa ya Oman. Huko baina ya Juni na Septemba kuna manyunyu na ukungu, na migomba na minazi humea kama Bububu.)

Tukiacha hali ya hewa, kheri za mji ule si za kubuni. Kuna amani, barabara na hospitali nzuri. Adhana inasikika kila mahali, chakula ni halali bila ya kuuliza, na mwezi wa Ramadhani sheria humpunguzia mfanyakazi Muislamu saa za kazi ziwe sita kwa siku. Riali moja ya Oman ni sawa na dola 2.60, na kiwango hicho hakijabadilika tangu 1986. Na lugha yetu imejaa tele. Utaingia dukani ukijikakamua kwa Kiarabu cha kitabuni, mwenye duka akujibu kwa Kiswahili cha Ng'ambo.

Hapo kwenye Kiswahili cha Maskati ndipo wengi wetu tunapokosea hesabu, na ndilo jambo khasa tunalotaka lisomwe kwa makini.

Sayyid Said bin Sultan naye aliipima miji hii miwili. Katika miaka ya 1830 aliuhamishia utawala wake Unguja, akapendelea maji, bandari na mashamba ya mikarafuu kuliko mawe ya Maskati. Hata hivyo Maskati hakuiacha. Akienda na kurudi mpaka mwaka 1856, alipofariki baharini akiwa safarini kutoka huko kurejea Unguja. Baada ya kufa kwake dola iligawanywa, na uamuzi wa mwaka 1861 ukaifanya Zanzibar na Oman kuwa nchi mbili. Kisha yakaja Mapinduzi ya 12 Januari 1964 na familia nyingi zikaondoka Visiwani. Nyingine zilikwenda Misri, nyingine Uingereza, nyingine Dubai. Sultan Qaboos alipotawala Julai 1970 alikuta nchi yenye skuli tatu tu na barabara ya lami isiyozidi kama kilomita kumi. Akawaita Waomani waliotawanyika warudi. Miongoni mwa waliokwenda ni watu wa kwetu waliosoma skuli za Unguja na Pemba, waliojua Kiingereza na kazi za ofisi, na wengi wao wakawa walimu, madaktari, wahandisi na wakuu wa idara. Hao ndio mabibi na mababu za wale tunaowaona wakija likizo na zawadi, wakashangaza mtaa.

Watu hao waliingia kwa mlango wa nasaba. Walipokewa kama watoto wa nchi, wakapewa uraia, na nchi ilikuwa na haja nao kuliko wao walivyokuwa na haja nayo. Kijana wetu wa leo anaingia kwa mlango mwengine kabisa. Yeye ni mgeni katika nchi ambayo kati ya kila watu kumi wanne au zaidi ni wageni, na wengi wao wametoka Bangladesh, India na Pakistan kutafuta riziki ile ile. Kukaa kwake kumefungwa na mwajiri wake, anayeitwa kafili. Ni kweli tangu Januari 2021 Oman imeruhusu mfanyakazi aliyemaliza mkataba wake kuhamia kwa mwajiri mwengine bila ya kuomba karatasi ya ridhaa ya yule wa kwanza, na hiyo ni nafuu kubwa. Lakini uraia ni habari nyengine. Sheria yao ya mwaka 2025 inataka mtu awe amekaa miaka 15 mfululizo na ajue Kiarabu, na akiupata lazima auache wa kwao. Basi anayesema "mbona wa nyumba ile wamefanikiwa" aulize kwanza: waliingia mwaka gani, na kwa karatasi gani?

Na wapo walio na mlango mwembamba zaidi, nao ni mabinti zetu wanaokwenda kufanya kazi za nyumbani. Sheria mpya ya kazi ya Oman ya mwaka 2023 haiwahusu wafanyakazi wa majumbani. Wao wana kanuni zao mbali. Novemba 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti juu ya wanawake wa Kitanzania waliofanya kazi hizo Oman na Falme za Kiarabu, baada ya kuzungumza na 50 katika wao. Yaliyotajwa humo ni kunyang'anywa pasipoti, kufanyishwa kazi usiku na mchana bila ya siku ya mapumziko, kucheleweshewa au kunyimwa mishahara, na wengine kupigwa. Hatusemi kila nyumba ni hivyo. Tunawajua waliokutana na mabibi wema, wakapelekwa Umra kwa gharama za mwenye nyumba. Tatizo ni kuwa binti hajui atafikia nyumba ipi mpaka mlango ufungwe nyuma yake, na yuko peke yake, mbali na baba, kaka na jirani wa kugonga hodi. Mzazi anayemruhusu binti wa miaka kumi na minane kwa maneno ya dalali tu, bila ya jina wala namba ya simu ya mwenye nyumba, kwa maoni yetu hakumpa ruhusa, amemtupa.

Sasa tufanye hesabu ya darasani, kwa namba za mfano tu. Tuseme kijana ameahidiwa riali 150 kwa mwezi. Kitanda katika chumba cha watu wanne ni riali 40, chakula 40, simu na nauli 15. Zimebaki 55, yaani dola 143. Ikiwa nyumbani ameacha deni la dola 800 la tiketi na dalali, basi nusu mwaka wa mwanzo anafanyia kazi deni, na mama yake hapokei kitu. Sasa ukae ujiulize: hizo dola 143, baada ya deni kwisha, ni zaidi ya faida anayoipata sasa Darajani, au ni zile zile zikiwa zimevaa suti? Kwa fundi wa mitambo, muuguzi au mhasibu hesabu huwa nyengine kabisa, na kwa huyo tunasema wazi kuwa safari ina maana.

Anayehama na familia aongeze mizani ya pili. Skuli za serikali huko kwa kawaida ni za watoto wa raia, mgeni hulipia. Mji umetandaa pwani kwa makumi ya kilomita na umejengwa kwa ajili ya gari, kwa hivyo mama asiyeendesha hukaa ndani na kiyoyozi tangu Mei mpaka Septemba. Mtoto aliyezoea kutumwa duka la jirani Kiponda, akirudi ameamkia wazee kumi njiani, hataamkia mtu. Nabii Ibrahim (A.S.) alipowaacha ahli zake katika bonde lisilo na mimea, aliomba nyoyo za watu ziwaelekee, kisha akaomba waruzukiwe matunda. Tumewahi kuizungumza darasani mpangilio huo wa dua, watu kabla ya chakula. Na masahaba waliohamia Madina, pamoja na imani yao, waliugua homa, na Bilal (R.A.) akawa anayatamani majani na maji ya Makka. Basi kijana akipiga simu akalia usiku wa tatu, wazee wasimcheke.

Waliokwishakata shauri tunawaomba mambo machache. Usiende kwa viza ya matembezi ukitumai kuigeuza ya kazi ukifika. Oktoba 2023 Oman ilisitisha mageuzi hayo, na anayepitisha muda hutozwa faini kwa kila siku. Mkataba upitie Kamisheni ya Kazi hapa Zanzibar kabla ya tiketi kukatwa, na nakala ibaki kwa mzee wako. Andika namba ya ubalozi wetu wa Maskati pahala pengine zaidi ya kwenye simu, kwani simu ndiyo ya mwanzo kuchukuliwa. Pasipoti ni mali ya Serikali ya Tanzania iliyokabidhiwa wewe.

Na wewe mwanafunzi ambaye bado uko kwetu: ukitokea ugomvi, mahakama za huko hutazama mkataba wa Kiarabu, si tafsiri yake. Wapo wanafunzi wetu wanaosoma Suratul Kahf kwa tajwidi ya kupendeza, na ukiwapa karatasi ya kazi ya kurasa mbili hawajui pameandikwa mshahara au makato. Darasa la nahau na Kiarabu cha kusema lipo Jumatatu na Jumatano baada ya Magharibi, na madawati ya mbele yako wazi.

Wabillahi tawfiq.