Mjomba alipomletea mwanangu bastola ya kupigia tetere

Kaka yangu alifika kijijini Jumamosi jioni, likizo ya mwezi wa sita, akiwa na begi la nguo na boksi dogo ambalo hakutaka kulifungua mbele yangu. Kesho yake asubuhi nikiwa jikoni nilisikia mlio mkavu, kama mtu aliyekanyaga kopo, kisha sauti ya mwanangu: "Mjomba, nimempata!"

Nilitoka mbio. Tetere alikuwa amelala kwenye vumbi chini ya mwembe, na mwanangu wa miaka 11 ameshika bastola nyeusi. Nilipiga kelele. Kaka akacheka.

"Dada, usiogope. Hii haina baruti. Ni ya upepo tu."

Wazazi wenzangu, hilo neno "ya upepo tu" ndilo lililonifanya niandike. Nilikubali kushawishika nalo. Baba alinung'unika, lakini mimi nilinyamaza, kwa sababu mtoto alikuwa na furaha na kwa sababu sisi wenyewe tumekulia kwenye manati. Nani kati yetu hakuwa na kaka aliyezunguka na manati shingoni, akirudi jioni na shomoro watatu wa kuchoma?

Siku ya tatu tetere mwingine alitua juu ya pipa la chuma tunalokingia maji ya mvua. Mwanangu akalenga, akakosa. Risasi iligonga pipa ikarudi. Binti wa dada yangu, mwenye miaka 8, alikuwa anaosha vyombo hatua chache pembeni. Ilimwingia shavuni, upana wa kidole kimoja chini ya jicho.

Damu ilikuwa kidogo sana, na hilo ndilo lililotaka kutuponza. Kaka alisema ni mchubuko, akataka kuminya atoe kitu. Baba akamshika mkono. "Acha. Hujui imeishia wapi."

Bodaboda hadi kituo cha afya, kisha gari hadi hospitali yenye mashine ya picha. Kwenye picha ile chembe ilionekana nyeupe kabisa, imekaa juu ya mfupa wa shavu. Walimtoa salama, akachomwa sindano ya pepopunda, na jicho lake linaona. Daktari alituuliza swali moja tu: nani alimpa mtoto silaha? Kaka aliangalia sakafu. Na mimi niliangalia sakafu.

Ni kitu gani hasa

Tangu siku hiyo nimejitahidi kukielewa hiki kitu. Bastola ya upepo hutumia nguvu ya springi, hewa iliyopampiwa au kimtungi kidogo cha gesi. Nyingi hupiga risasi ya milimita 4.5, ndogo kuliko punje ya hindi. Nyingine hupiga gololi za chuma, na hizo ndizo hurudi vibaya zaidi zikigonga ukuta, jiwe au pipa. Ni kweli haina baruti. Lakini ngozi ya mtoto haiulizi kilichosukuma risasi, na jicho ni laini kuliko ngozi.

Huko Scotland, mwaka 2005, mtoto wa miaka 2 alipigwa kichwani na risasi ya bunduki ya upepo mjini Glasgow akafariki. Baada ya mjadala mrefu sheria ikabadilishwa, na tangu mwisho wa mwaka 2016 huwezi kukaa na bunduki ya upepo kule bila cheti cha polisi. Uingereza yote, aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kuinunua. Hao ni watu wanaoziuza madukani na wamezizoea miaka mingi.

Hata kwa mwindaji mzima, bastola ni chombo kibaya cha kupigia ndege. Haina kitako cha kuegemeza begani, mkono ukitikisika kidogo risasi imekwenda kwingine, na nguvu yake ni ndogo kuliko ya bunduki ndefu ya upepo. Matokeo yake ndege wengi hawafi. Wanaruka na risasi mwilini, wanakwenda kufia kichakani. Mwanangu aliniambia baadaye kwamba katika siku zile tatu alipata tetere wawili na kuona manyoya yakipukutika kwa wengine wanne au watano walioruka.

Kuna na jingine ambalo kaka hakulifikiria: bastola ile kwa mbali haina tofauti na ya kweli. Mtoto akipita nayo barabarani jioni, askari au mlinzi hatasubiri kuuliza kama ni ya upepo. Kama ipo nyumbani kwako, usikae nayo kimya. Mtu mzima aende kituo cha polisi aeleze na kuuliza inavyotakiwa kumilikiwa, kabla jambo halijawa kesi.

Na kuwinda kwenyewe kuna sheria. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 hapa Tanzania inawahesabu ndege pia. Kanga na kwale wanaowindwa, wanawindwa kwa leseni. Wengi wetu tunadhani sheria hiyo inahusu tembo na simba tu.

Kuhusu ile nyama

Tetere wa kwanza tulimla. Mwanangu alimnyonyoa mwenyewe, akampaka chumvi, akamchoma kwenye makaa, akatugawia vipande vya kulamba vidole. Sasa najua kwamba risasi nyingi za bunduki hizi zimetengenezwa kwa madini yenye jina hilo hilo, risasi, na madini hayo ni sumu kwa ubongo wa mtoto anayekua. Hayana harufu wala ladha, na kupika hakuyaondoi. Vipande vidogo hubaki ndani ya nyama kuzunguka jeraha.

Hatari nyingine ya ndege haina uhusiano na bunduki, ila wazazi wa mikoa ya mpunga, mtama na uwele waisikie. Kwelea kwelea wakizidi, Serikali hupulizia dawa kwa ndege. Asubuhi watoto hukuta wamejaa chini na huwaokota kwa furaha. Aliyekufa kwa dawa haliwi. Kule Kondoa wako wanaowakamata kwelea kwelea kwa nyavu na kuwala, na hiyo ni njia salama zaidi, maana unamkamata akiwa mzima.

Jicho likiumia

Haya yaweke kwenye simu yako. Mtoto akipigwa jichoni au karibu nalo kwa risasi, gololi, jiwe la manati au mshale wa kuchezea, usilisugue na usilibonyeze. Usioshe, na usijaribu kutoa kilichoingia. Usitie dawa yoyote, wala maziwa ya mama, ambayo najua wengi tumeyatumia. Chukua kikombe safi cha plastiki, kifunike juu ya jicho kikae kwenye mfupa unaolizunguka bila kugusa jicho lenyewe, kishikize kwa kitambaa. Mtoto akae wima. Usimpe chakula njiani, kwa sababu huenda akahitaji kulazwa usingizi wa dawa. Nenda saa hiyo hiyo, hata kama anasema anaona. Na useme wazi ilikuwa risasi, ili apigwe picha. Kuna wazazi wanaosema "ameanguka" kwa aibu, na chembe inabaki ndani.

Mume wangu alitaka uwindaji upigwe marufuku kabisa nyumbani kwetu. Mimi sikukubaliana naye, na hadi leo hatujamaliza. Mtoto wa kiume kijijini ataona ndege na atatafuta jiwe. Afadhali awe chini ya jicho la mtu anayejua.

Mtu huyo alikuwa baba yangu. Baada ya hospitali alimchukua mjukuu wake shambani kuamia ndege kwenye mpunga. Akamfundisha kombeo, lakini kwa madonge ya tope, ya kufukuza na si ya kuua. Masharti yake hayakuwa mengi. Hurushi chochote kuelekea nyumba, njia au mahali usipopaona. Hugusi ndege mwenye kiota. Na ukiua, unakula. Huui kwa kujipima shabaha.

"Babu, na nikikosa?" mwanangu aliuliza.

"Ukikosa, jua donge limekwenda wapi kabla hujaokota jingine."

Bastola kaka aliipeleka polisi mwenyewe, Jumatatu. Bili ya hospitali alilipa yeye. Binti wa dada amebaki na kovu dogo kama punje ya mchele, na mwanangu hulitazama kila wanapokaa kula sahani moja. Juzi nilimsikia akimwuliza kama bado linauma. Akajibu, "Siku za baridi tu."