Siti moja kwa bei ya siti nne: nilichojifunza kwenye ndege mimi muuza mashuka

Wafanyabiashara wenzangu, leo naanza na aibu yangu mwenyewe.

Nauza mashuka mtandaoni, niko Dar es Salaam. Zamani sikuwa naandika bei. Kila posti ni "bei njoo inbox". Mteja akija, kabla sijamjibu naingia kwenye ukurasa wake naangalia picha. Nikiona gari, nikiona yuko hotelini Zanzibar, shuka la 35,000 linakuwa 50,000. Nikiona mwanafunzi, 35,000 na namfikishia bure. Nilijiona mjanja kweli kweli. Mpaka siku wateja wangu wawili, kumbe ni mawifi wa nyumba moja, walipopokea shuka zile zile, rangi ile ile, siku moja. Mmoja 35, mwingine 50. Picha za inbox yangu zikazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, na mwezi ule niliuza shuka nne. Nne! Na kodi ya stoo inanisubiri.

Miezi michache baadaye nikakusanya mtaji uliobaki nikaenda Guangzhou kufuata mzigo. Kwenye ndege tuliingilia mlango wa mbele, kwa hiyo ilibidi tuwapite wale wa daraja la biashara. Wameshakaa, wana juisi kwenye glasi, miguu wamenyoosha. Mimi na begi langu nikaenda zangu nyuma. Bei yao nilikuwa nimeiona wakati nakata tiketi, zaidi ya mara nne ya yangu. Nikawaza: ndege moja, rubani mmoja, tunafika saa ile ile. Mimi kwa tofauti ya 15,000 jina limechafuka, hawa wenye ndege wanatoza tofauti ya mamilioni mchana kweupe na mtu anasema asante. Kwa nini?

Swali hilo sikuliacha. Niliporudi nilisoma kila nilichopata, na haya ndiyo niliyoyakuta.

Wengi tunadhani ni chakula. Hapana, chakula ni kidogo sana humo. Kinachouzwa ni sakafu. Wewe unayepanda mabasi ya mkoani unajua: basi la siti mbili kwa moja lazima liwe na nauli kubwa kuliko la tatu kwa mbili, maana watu ni wachache na mafuta ni yale yale. Kwenye ndege kubwa kama Boeing 777, mashirika mengi yanapanga siti 10 kwenye mstari mmoja wa daraja la kawaida. Daraja la biashara ni siti nne tu kwa mstari, na kila moja inalazwa inakuwa kitanda, kwa hiyo inakula na urefu. Piga hesabu: abiria mmoja wa mbele amekalia nafasi ya watu kama watatu na nusu wa nyuma. Kwa hiyo kabla hujamwita mtu mwizi, sehemu kubwa ya ile nauli ni kodi ya sakafu.

Halafu kuna jambo la pili ambalo sisi wa mashuka hatulijui vizuri. Shuka lisipouzwa leo, kesho lipo. Siti ndege ikishapaa ikiwa tupu, imeoza, huiuzi tena milele. Na mteja wa daraja la biashara mara nyingi ndiye anayekata tiketi siku mbili kabla, anabadilisha tarehe, anaahirisha. Shirika lazima limwekee siti bila kujua kama atatokea. Wapo wanaotokea, wapo wasiotokea. Anayetokea analipia na ile subira. Tena mara nyingi fedha si yake, ni ya kampuni au ya serikali. Mtu anayelipiwa hahangaiki na bei kama mimi ninayehesabu shilingi ya mwisho.

Sasa hapa ndipo penye utamu. Daraja la biashara lenyewe halikuwepo zamani. Lilianza mwishoni mwa miaka ya 1970. Wakati huo tiketi za punguzo zilikuwa zimeongezeka, na wasafiri wa kikazi waliolipa nauli kamili wakajikuta wamebanana na watalii waliolipa kidogo, huduma ile ile. Wakalalamika, kama yule wifi wa 50,000. Mashirika hayakuwarudishia fedha. Yaliwatengea sehemu yao na kuwaongezea kitu. Na kitu chenyewe kikaendelea kukua: mwaka 2000 British Airways ikawawekea siti inayolala kabisa kama kitanda.

Yaani malalamiko yalikuwa yale yale niliyoletewa mimi. Wao wakaongeza kitu, mimi niliongeza bei peke yake.

Lakini kuna ujanja pia, tusijidanganye. Januari 1985 shirika la American Airlines, chini ya Robert Crandall, lilikuwa linapambana na People Express iliyokuwa inauza nauli za chini mno. Crandall hakushusha bei zote. Alitoa nauli ya chini kwa sharti: ununue mapema sana, na safari yako ipite usiku wa Jumamosi. Mtu wa kikazi anataka kurudi kwake Ijumaa, kwa hiyo sharti linamshinda, anabaki kwenye nauli ya juu mwenyewe bila kulazimishwa. Mtalii yeye hajali. Hakuna aliyeangaliwa usoni. People Express ilikuwa na matatizo mengine pia, lakini mwanzoni mwa 1987 ilikuwa imeshamezwa na Continental.

Ujanja huu una upande wake mbaya, na umeonekana zamani. Mwaka 1849 mhandisi mmoja wa Ufaransa, Jules Dupuit, aliandika kuhusu mabehewa ya treni ya daraja la tatu yaliyokuwa hayana paa. Alisema paa halikuwa ghali kiasi hicho. Wenye treni waliogopa kwamba wakimfunika maskini, mwenye uwezo wa daraja la pili naye atashuka kukaa huko. Nikisikia magoti yangu yanagusa siti ya mbele saa kumi mfululizo, namkumbuka Dupuit. Mimi hilo sitaki kulifanya.

Na usiseme basi niuzie matajiri tu. Eos ilijaribu hivyo kati ya London na New York: Boeing 757, ndege inayobeba watu karibu 200, wao wakaweka siti 48. Aprili 2008 wakafunga. MAXjet ilishafunga Desemba 2007, Silverjet ikafuata Mei 2008. Mafuta yalipanda bei, na nyuma hawakuwa na watu wa kawaida wa kusaidia kujaza ndege.

Basi mimi nikafanya hivi. Kila posti sasa ina bei mbili, zimeandikwa. Ya 35,000: unachukua mwenyewe Kariakoo au unasubiri siku za kupeleka, Jumatano na Jumamosi, na ukikosea saizi unalipia boda ya kubadilisha. Ya 50,000: ukiagiza kabla ya saa sita mchana unaipata leo leo, imefuliwa, imepigwa pasi, iko kwenye mfuko wa zawadi, na saizi nabadilisha kwa gharama yangu. Shuka ni lile lile, na nasema wazi kwamba ni lile lile. Kati ya ile 15,000, boda na pasi na mfuko vinakula kama 10,000.

Kilichoniuma ni kuacha kuwafikishia bure wale wa 35,000. Wengine walinuna. Lakini kama wote wanapelekewa leo leo bure, nani atalipa 50? Ndiyo usiku wa Jumamosi wangu huo.

Mwanafunzi mmoja aliwahi kuniagiza ya 50,000, kumbe anampelekea mama yake zawadi. Kwa mtindo wangu wa zamani nisingempa hata nafasi ya kuichagua. Na wale mawifi? Yule wa 50 hajarudi, nilimrudishia 15,000 yake, akapokea, kimya. Yule wa 35 huwa anaagiza ya Jumatano.

Leo nina oda 11, tatu ni za leo leo, na boda yuko mlangoni anapiga honi. Ngoja nikafunge mizigo.